Gari Lenye Kipara

Watu waliomsikia kabla ya kumwona walishangaa siku ya kuonana naye. Jina lake lilikuwa Kipara, na kichwa chake kilikuwa na nywele za kutosha watu wawili. Zilikuwa zimeshageuka nyeupe, ndiyo, lakini zilijaa, na kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akizichana kwa muda mrefu kuliko mkewe alivyochana zake. Mkewe alimwambia, "Mzee, acha kuturingishia. Tumeshaona, unazo."

Jina hilo hakulipata kichwani. Alilipata kwenye buti la gari.

Alikuwa dereva. Tangu ujana mpaka kustaafu aliwaendesha wakubwa wa kampuni moja ya mabomba ya maji, na siku za mikutano aliwapeleka kwenye hoteli kubwa ya mjini, ile yenye ngazi pana za mawe na uwanja wa magari mbele yake. Katika uwanja ule madereva walisubiri mabosi wao kutwa nzima, na walikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyethubutu kuivunja. Magari yote yalikuwa meusi, karibu yote yalitoka kiwanda kimoja, na ukiyaangalia kwa mbele usingejua lipi ni lipi. Tofauti ilikuwa nyuma, juu ya buti, kwenye vile vineno vya chuma vinavyong'aa. Gari lililoandikwa Royal, kwa maandishi ya dhahabu yaliyolala kama saini ya mkubwa, lilisimama chini kabisa ya ngazi. Turbo likafuata. Kisha yakaja madelaksi, yale yaliyoandikwa Deluxe, safu nzima. Na gari lisiloandikwa kitu, lile la hali ya chini ambalo kiwanda kililitoa bila madoido, lilikwenda mwisho kabisa, upande wa mlango wa jiko, karibu na mapipa ya taka.

Dereva naye aliitwa jina la gari lake, kama mama anavyoitwa jina la mwanawe. Kulikuwa na Royal, bwana mmoja mrefu aliyemwendesha mkurugenzi wa benki na kutembea kana kwamba benki ni yake. Kulikuwa na Turbo, mtu mpole ajabu, asiye na haraka hata akiitwa kula. Madelaksi walikuwa wengi mpaka ikabidi wagawanywe, huyu Delaksi Mnene, yule Delaksi Mwembamba. Na kulikuwa na yeye. Nyuma ya gari lake palikuwa patupu, laini kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, na siku yake ya kwanza tu Royal alizunguka gari lile, akapitisha kiganja juu ya buti, akasema, "Jamani, huyu ametuletea kipara." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na jina likaganda.

Mkutano ulipokwisha, mlinzi wa hoteli alisimama juu ya ngazi akaita kadiri wakubwa walivyotoka. "Royal! Bosi wako!" Gari likasogea. "Turbo! Bosi wako!" Likasogea. Yeye alisikiliza majina yote yakipita, na lake likaja mwisho, pengine bosi mwenyewe ameshachoka kusubiri na kuanza kuja kwa miguu kuelekea mapipa, pua imekunjwa. "Kipara! Bosi wako!"

Alicheka na wenzake, maana aliona akinuna ndiyo watamzidishia. Lakini iliuma. Tusidanganyane hapa, iliuma kila siku ya mkutano. Gari lake lilikuwa safi kuliko yote, alilisugua mpaka nzi akitua anateleza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemshinda kwenye usukani. Kilichokosekana ni neno moja la chuma, urefu wa kidole, na neno hilo ndilo lililoamua mtu asimame ngazini au kwenye mapipa.

Faraja yake ilikuwa binti yake. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na shule yake ilikuwa nyuma ya hoteli. Masomo yakiisha, mtoto aliingia getini na mkoba mgongoni, akapita katikati ya magari yote yale meusi bila kumuuliza mtu, akaja moja kwa moja mpaka mlango wa jiko kwa baba yake. Alikaa kiti cha mbele akifanya hesabu zake. Nyuma hakuruhusiwa hata kuweka mkoba, nyuma ni kwa bosi.

Sasa mtoto yule ni mhandisi wa madaraja. Ana kampuni yake, ana watu wanaosimama akiingia chumbani, na ana viatu vya kazi vyenye vumbi la barabara ambazo baba yake hakuwahi kuota kuzipita. Siku aliyosema ameagiza gari, tena kutoka kiwanda kilekile, Kipara hakulala usingizi wa kueleweka. Alitangaza mtaa mzima. Alimwambia muuza magazeti, akamwambia fundi viatu, akamwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji na ambaye hakuwa ameuliza kitu.

Gari likaja asubuhi moja, jeusi, pana, limeinama mbele kama linalotaka kuondoka bila dereva. Majirani wakatoka. Kipara akaliangalia mbele, akapita ubavuni taratibu akijiwekea utamu wa mwisho, akafika nyuma.

Patupu. Laini. Hakuna neno, hakuna namba, hakuna hata nukta.

Uso ulimshuka mpaka mkewe akamshika mkono. "Mama," alimwita binti yake, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "hawa watu wamekuletea gari bila herufi."

"Ndivyo nilivyoagiza, baba."

"Uliagiza lisiandikwe?"

"Ndiyo. Nitakueleza..." Simu yake ikalia, ilikuwa ni habari ya nondo zilizofika fupi, na binti alipoanza kugombana na watu wa nondo hakuna aliyeweza kumkatiza. Alimpungia baba yake mkono, akaingia garini, akaondoka nalo.

Kipara akabaki na swali, akajijibu mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea. Alijiambia kwamba mtoto amejinyima. Amelipenda gari, uwezo ukaishia njiani, akachukua lile la chini na sasa anajikaza kisabuni kusema ndivyo alivyotaka. Mtoto wake, na yeye amekwenda mapipani!

"Muulize vizuri," mkewe alimwambia.

"Nimuulize aibu yake?"

"Umejuaje kama ni aibu?"

"Mimi ndiye Kipara," alisema. "Nani ajue kama si mimi?"

Haikupita muda Delaksi Mnene akapiga simu. Royal anastaafu. Benki ilimng'ang'ania mpaka macho yakaanza kumtania, sasa imemwachia, na madereva wote, wazee na wa leo, watamuaga Jumamosi katika uwanja uleule wa hoteli. "Na kila mtu aje na gari," Delaksi Mnene alisema. "Mimi ndiye mpanga safu. Tunapanga kama zamani."

Binti aliposikia habari hiyo hakufikiri mara mbili. "Nenda na gari langu, baba. Mimi nitakuwa darajani mpaka jioni, wenzangu watanishusha pale hotelini, turudi wote."

Mwingine angeshukuru akanyamaza. Kipara alishukuru, kisha akaanza kuona picha. Alimwona Delaksi Mnene akipunga mikono: wewe huko, jikoni. Alimwona Royal akipitisha kiganja juu ya buti. Kwake yeye sawa, alishazoea, ngozi ilishakufa ganzi. Lakini kiganja kile juu ya gari la mwanawe? Hapana. Afadhali asiende kabisa. Na kutokwenda nako hakuwezi, maana Royal, pamoja na mikogo yake yote, alikuwa mwenzake.

Ndipo akaenda kwenye maduka ya vipuri. Huko kulikuwa na mama mmoja aliyeuza herufi tu, kibanda kizima, zimepangwa kwenye sinia za bati: maandishi ya dhahabu yenye mikia, namba za fedha, vidude vyekundu, nembo za magari ambayo wenye kuzinunua hawakuyagusa maishani.

"Karibu mzee. Unabandika au unabandua?"

"Kuna wanaobandua?"

"Wengi tu! Jana amekuja mheshimiwa, gari lina herufi nyuma kama gazeti. Anasema zitoe zote, ndugu wakiziona wanaleta matatizo yao yote kwake. Nimemaliza kumtolea, akaja mwingine, injini yake ikikohoa huisikii, anataka hizohizo nilizozitoa." Mama akacheka mpaka miwani ikashuka. "Nikampa. Ungemwona anavyotoka hapa, shingo imenyooka."

"Lakini si uongo huo?"

"Herufi ni salamu, mzee wangu. Unawasalimia watu kabla hujashuka. Sasa salamu nayo utaiita uongo? Lako lina injini gani?"

"Wewe nipe Royal," Kipara alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Royal zipo tele," mama alisema, akaingiza mkono kwenye ndoo.

Laiti angejiuliza kwa nini neno ambalo zamani lilionekana kwenye gari moja tu mjini sasa linachotwa kwenye ndoo. Hakujiuliza. Alilifunga kwenye leso, akalitia mfuko wa ndani wa koti, akarudi nyumbani akilipapasa njia nzima.

Jumamosi mchana, binti alipokwisha ondoka na wenzake, alilibandika. Alipima kwa rula, akaweka utepe wa karatasi kuongoza mstari, akasafisha bati kwa spiriti, akapuliza. Kazi ilikuwa safi, mtu angesema limetoka nalo kiwandani. Mkewe alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Umemwambia mwenye gari?"

"Nitamwambia."

"Haya," alisema mkewe, na wanawake wanajua kulisema neno hilo likawa refu.

Njiani alikanyaga mafuta kidogo tu, gari likamrusha kitini mpaka nywele zikalala. Akajiambia ni uzee, mguu umekuwa mzito. Akakanyaga kwa adabu mpaka hotelini.

Hata sasa, akiisimulia siku ile, sehemu hii huisimulia polepole. Delaksi Mnene alikuwa katikati ya uwanja na fulana ya rangi ya chungwa, jasho linamtoka, anapanga magari. Aliliona gari likiingia, akanyoosha mkono kuelekea jikoni kwa mazoea tu, kwa kuwa alimwona aliyemo. Kisha gari likampita akaona nyuma. Mkono ukabaki hewani.

"Kipara! Hebu rudi. Rudi nione. Jamani, njooni muone!"

Wakaja wote, Turbo kwa mwendo wake, Delaksi Mwembamba, wengine. Wakasoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Na Delaksi Mnene, machozi karibu yamtoke, akatembea mbele ya gari akirudi kinyumenyume, mikono yote miwili ikimvuta, njoo, njoo, njoo, mpaka chini kabisa ya ngazi. Kipara akazima injini. Mapipa yalikuwa mbali mpaka yalionekana madogo. Akashuka, akavuta koti chini, akatembea kifua mbele.

Royal alishuka ngazi na suti nyeupe. Aliliangalia neno lile la dhahabu, akamwangalia Kipara, wakakumbatiana.

"Ya binti yako?"

"Ya binti yangu."

"Hongera sana, ndugu yangu," Royal alisema, na hakuna mzaha uliokuwamo. Kipara alikuwa ameisubiri siku hii tangu nywele nyeusi.

Gari lililosimama jirani yake lilikuwa la dada mmoja, dereva wa leo, anayemwendesha balozi. Nyuma ya gari hilo palikuwa na mstari mmoja mwembamba, mwekundu, hakuna neno, na wenzake walimwita Mstari. Alikuwa amechuchumaa karibu na tairi la mbele la Kipara, akachungulia ndani ya rimu. Akahamia la nyuma. Akainama kutazama mabomba ya moshi. Akasimama akajipangusa magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Nani ameandika Royal hapa?"

Kipara alisimama mbele ya buti. "Kwani vipi?"

"Royal siku hizi ni gari ya kukodi," Mstari alisema, bila ubaya, akamwonyesha kwa kidevu. Na kweli, katikati ya uwanja, kwenye safu ya madereva wa leo waliowahi kujipanga wenyewe, yalikuwa yamesimama matano, sita, yote na saini ileile ya dhahabu, yenye vibandiko vya kampuni za kukodisha milangoni. Alikuwa ameyapita bila kuyaona, macho yakiwa ngazini. "Kiwanda kilishaishusha. Ya juu sasa ni hii yangu, mstari mwekundu. Na hii yako, angalia breki hizi, angalia mabomba haya ya moshi, hii ni ndugu yake kabisa. Tena ni mpya kuliko yangu. Ila ilitoka bila mstari." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hao huwa wachache. Mtu ana ya juu kabisa halafu anaagiza asiandikiwe kitu. Ukimwona huyo ujue haombi salamu ya mtu. Sasa mzee, umeibandikia Royal. Umemshusha cheo mwanao."

Delaksi Mnene ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu, kisha Turbo, kisha uwanja mzima, kicheko kilekile cha siku ya kwanza. Kipara alisimama katikati yake masikio yakiwaka moto. Na ajabu ni kwamba chini ya ile aibu, pale pale, kitu kingine kilikuwa kinapanda, hakizuiliki. Ya juu kabisa! Mtoto hakujinyima. Mtoto alikwenda mpaka mwisho wa ngazi akageuka akasema nyuma hapa pasiandikwe. Alitaka kucheka na alitaka ardhi immeze, vyote kwa pamoja.

Ndipo akamwona getini.

Wenzake walikuwa wamemshusha. Alikuwa na viatu vyake vya vumbi, kofia ngumu ya kazi kwapani. Hakutazama ngazini hata kidogo. Alipita katikati ya magari yote, haraka, kama mtu anayekwenda chumbani kwake gizani, mpaka mwisho wa uwanja, mpaka mlango wa jiko. Akasimama kwenye mapipa. Akageuka kushoto, akageuka kulia, na kwa umbali ule, Kipara aliona jinsi mabega yake yalivyokaa, akakumbuka mkoba mgongoni.

"Mama!" akaita. "Nipo huku!"

Binti akaja. Aliwaamkia wazee wote, akaitikiwa. Kisha akaona buti.

"Baba. Nani ameandika gari yangu?"

Hakuna aliyecheka. Kipara alifikiri kusema uongo, akaona hata nguvu ya kuutunga hana. "Mimi," alisema. "Nilidhani umekosa. Nikaona wasije wakakuita kama walivyoniita mimi."

"Walivyokuita vipi?"

"Kipara."

Binti alimtazama baba yake, akawatazama wazee wale mmoja mmoja. "Kwani walikuwa wanakucheka?"

Wazee walianza kutazama viatu vyao. Royal alipata kitu cha kurekebisha kwenye mkono wa suti.

"Mimi sikujua," alisema binti. "Nilipokuwa mtoto nilikuwa mfupi, baba. Nikiingia hapa naona nyuma za magari tu, mimi na buti tunalingana. Yote meusi. Maandishi, maandishi, maandishi. Halafu naona moja halina. Hapo najua nimefika." Akapanguza vumbi la pua kwa mgongo wa mkono, na vumbi likaongezeka. "Nikajua wamekupa jina hilo kwa sababu uko peke yako. Nilikuwa najisifu nalo shuleni. Juzi aliyeniuzia ananiuliza tuandike nini nyuma, ananionyesha picha za kila aina, mstari mwekundu, sijui nini. Nikamwambia usiandike kitu. Niwekee kama ya baba."

Kipara alitoa leso, akajifanya anafuta kioo cha pembeni, akakifuta sana.

Kisha akakunja mikono ya shati. "Mtu aniletee maji ya moto hapo jikoni," alisema, kwa sauti ambayo uwanja ule haukuwahi kuisikia kutoka kwake. "Na uzi. Uzi mgumu."

Mstari alikimbia akarudi na birika. Kipara akamwagia neno lile maji taratibu mpaka gundi ikalegea, akapitisha uzi nyuma yake, akauvuta huku na huku, herufi kwa herufi, na dhahabu yote ikamdondokea kiganjani kama kitu kimoja. Akapangusa palipobaki. Pakawa laini, patupu, panang'aa, na uso wake ukaonekana humo na nywele zake zote.

Akamgeukia Royal. "Hili ni lako," akasema, akamwekea neno mkononi.

Royal alilitazama muda mrefu. "Asubuhi nimerudisha ufunguo," alisema. "Wamenipa saa ya ukutani. Nimekuja hapa na teksi." Alilitia neno kwenye mfuko wa kifuani wa suti nyeupe, herufi ya kwanza ikachungulia nje, akapiga mfuko kwa kiganja kilekile, mara mbili. "Nisamehe, bwana," akasema chini kwa chini, na Kipara akamshika bega.

Kipara akaingia garini, akawasha. Delaksi Mnene akanyanyua mikono. "Wewe, unakwenda wapi? Kaa hapohapo! Ya juu kuliko zote!"

"Sheria ni sheria," Kipara alisema kupitia dirishani, akicheka. "Lisiloandikwa kitu linakwenda wapi?" Akalirudisha nyuma, akalipitisha mbele ya ngazi, mbele ya madelaksi, mbele ya safu nzima ya leo, akalipeleka mpaka mwisho, akaliegesha karibu na mapipa, kwa kipimo kilekile cha zamani, mlango wa jiko upande wa kulia. Halafu akashuka akampigia binti yake kelele uwanja mzima.

"Rudi getini! Uje upya!"

"Baba, mimi mtu mzima!"

"Wewe rudi!"

Bosi wa madaraja, ambaye watu husimama akiingia chumbani, akarudi getini na kofia yake kwapani, anacheka peke yake. Akageuka. Akaanza kuja. Alipita Royal za kukodi, akapita Turbo, akapita madelaksi, akapita mstari mwekundu wa balozi, na hakutazama hata moja.

Juu ya ngazi, mahali pale alipokuwa akisimama mlinzi enzi zile, Royal alikuwa amejaza kifua hewa.

"Kipara!" akaita, na sauti ikagonga kuta za hoteli. "Bosi wako!"

"Naam!" akaitika Kipara, kwa mara ya kwanza kwa sauti yake yote, akamfungulia mlango wa mbele.